Kuivisha tangi la maji chumvi kabla ya samaki wa kwanza

Tangi langu la kwanza la maji chumvi liliua samaki wawili ndani ya siku nne. Maji yalikuwa yanang'aa, chumvi sawa, joto sawa. Aliyeniuzia vifaa aliniambia, "Bosi, acha maji yatulie siku tatu, halafu weka samaki, hamna shida." Nikayaacha yakatulia. Jioni ya siku ya pili baada ya kuwaweka, mmoja alianza kuhemea juu ya maji, matamvua yanapepea haraka haraka. Nikadhani ana njaa, nikamwongezea chakula. Leo najua kwamba nilimwongezea sumu.

Maji kutulia ni jambo moja, tangi kuiva ni jambo jingine. Maji yanatulia ukiyaacha peke yake. Tangi haliivi mpaka ulilishe, tena kwa wiki kadhaa, huku ndani hakuna hata samaki mmoja.

Kinachoiva ni nini

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua usiku na mchana, na mabaki ya chakula nayo huoza yakawa amonia. Baharini kila jiwe limevaa utando wa bakteria wanaoila. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti (NO2). Kundi la pili huichukua hiyo naitraiti na kuifanya naitreti (NO3), ambayo samaki anaweza kuivumilia kwa kiasi. Majina haya mawili yanafanana kama Hasani na Huseni, kwa hiyo kuanzia hapa nitaandika NO2 na NO3 tu.

Mawe makavu na kioo kipya havina bakteria hao, na wenyewe si wepesi wa kuzaana. Maziwa uliyoyasahau mezani jioni yanaganda asubuhi kwa sababu bakteria wake huongezeka mara mbili ndani ya saa moja au pungufu. Hawa wetu, hata wakipata kila wanachotaka, huchukua nusu siku, mara nyingi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana kazi hii kwa kawaida hula wiki nne hadi sita.

Jirani anayefuga samaki wa maji baridi atakucheka: yeye alijaza tangi leo, akaweka samaki kesho, na wapo. Anasema kweli. Kwenye maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi wa maji), chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika umbo linaloua, yaani NH3. Maji ya bahari yana pH ya 8.2 hivi, na hapo sehemu hiyo hupanda karibu mara kumi. Kosa analosamehewa yeye, wewe husamehewi.

Hatua ya 1: Simamisha tangi

Mfano wangu humu ni tangi la lita 200, ambalo ukishapanga mawe na mchanga hubaki na maji lita 170 hivi. Uzito wake unapita kilo 200, kwa hiyo meza ya televisheni isahau. Liweke mbali na dirisha lenye jua. Lijaze maji ya bomba, tandika magazeti makavu chini yake, liache siku mbili. Gazeti likilowa, rudisha tangi dukani kabla hujaligusa kwa lolote. Lisipolowa, mwaga maji, endelea.

Hatua ya 2: Pata maji

Njia ya kawaida ni maji ya mtambo wa RO, unaoyachuja kwa kuyasukuma kwenye utando mwembamba, pamoja na chumvi ya akwaria. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingi yana fosfeti na silika ambazo zitakulishia mwani kwa miezi. Mengine yana shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba huua matumbawe na wanyama wote wasio na uti wa mgongo. Ya kisima ndiyo usiseme. Kipimo cha TDS, yaani cha vitu vyote vilivyoyeyuka majini, kikikusomea 0, maji ni mazuri.

Chumvi ni ile iliyotengenezwa kwa akwaria. Ya mezani na ya mawe ni karibu sodiamu na klorini tupu, hazina kalsiamu wala magneziamu ya kutosha. Hesabu gramu 36 hivi kwa lita, yaani kilo 6 na ushee kwa tangi letu, kisha fuata pakiti yako. Weka maji kwanza kwenye pipa, washa pampu ndani yake, ndipo umwage chumvi kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, ukamiminia maji juu ya lundo la chumvi, kalsiamu itaganda na maji yatakuwa kama tui jepesi, na hilo tui halirudi kuwa maji safi. Unalenga sehemu 35 kwa elfu, au 1.026 kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi. Refraktomita irekebishe kwa kimiminika chake maalumu cha 35. Ukiirekebisha kwa maji matupu inaweza kudanganya palepale unapoihitaji.

Sisi wa pwani tuna njia ya pili, kuchota baharini. Inafaa, ila ina masharti. Chota maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu, mbali na bandari, midomo ya mito na mifereji ya mji. Wakati wa masika usichote, maana mvua huyapunguza chumvi na kuyatia tope. Siku za bamvua pia mkondo huwa mkali na huvuruga mchanga. Tumia madumu ambayo hayajawahi kubeba mafuta wala sabuni. Nyumbani yafunike gizani wiki mbili ili vijidudu vife na uchafu uzame, kisha vuta maji ya juu kwa mpira, yapime chumvi na amonia, ndipo uyatumie. Mimi nimeshaacha. Madumu kumi ya lita 20 mpaka ghorofa ya tatu yalinifundisha thamani ya mtambo wa RO.

Hatua ya 3: Mawe na mchanga

Hapa ndipo bakteria wataishi, kwa hiyo tafuta mawe mepesi yenye matundu mengi. Kilo 15 hadi 20 zinatosha kwa lita 200 kama ni mepesi kweli. Mchanga uwe wa aragonaiti (madini ya kalsiamu kaboneti), sentimita 3 hivi.

Usiende kung'oa mawe mwambani. Mbali na uharibifu, matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Ndani ya hifadhi kama Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, au Kisite kule Kenya, usijaribu hata kwa utani.

Lakini pwani yetu imekalia matumbawe ya kale. Ndilo jiwe lililojengewa Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya zamani, na huchimbwa nchi kavu mpaka leo. Kipande chepesi chenye matundu kutoka machimboni kinafaa kabisa. Kisiwe kimebomolewa kutoka ukutani, maana chokaa na saruji hupandisha pH vibaya. Kisugue kwa brashi, kiloweke kwenye maji ya RO wiki mbili tatu huku ukibadilisha maji, na upime fosfeti kila unapobadilisha. Jiwe linaloendelea kutoa fosfeti lipe kazi ya kuzuia mlango.

Panga mawe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kisha ndiyo umwage mchanga kuyazunguka. Wapo samaki na kamba wanaochimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga hudondoka.

Hatua ya 4: Washa kila kitu isipokuwa taa

Pampu ya mkondo, chujio, na hita kama unakaa Arusha, Nairobi au Bukavu. Dar na Mombasa tatizo ni kinyume: chumba hufika nyuzi 31 mwezi wa Februari. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3, ila itayakausha haraka. Maji yakipungua ongeza ya RO matupu, usiongeze ya chumvi, kwa sababu yanayoruka ni maji na chumvi hubaki. Bakteria watafurahi kati ya nyuzi 26 na 29. Samaki akija utalenga 25 hadi 27.

Uso wa maji uwe unatikisika muda wote. Bakteria hawa wanapumua, na bila oksijeni hawafanyi kazi. Taa izime, huna unachokifuga kinachohitaji mwanga isipokuwa mwani. Taa ya UV nayo izime, na skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) usiiwashe kwa siku chache za mwanzo ukitumia bakteria wa chupa. Liache tangi lizunguke siku mbili, pima chumvi tena, rekebisha.

Hatua ya 5: Dozi ya kwanza ya amonia

Watu wengi huanza na kamba mmoja mbichi ndani ya soksi. Inafanya kazi. Lakini hujui umeweka kiasi gani, fosfeti inapanda, na nyumba inanuka. Mama mkwe wangu alikuja siku ya sita ya kamba wangu, akasimama mlangoni, akauliza nani kafa.

Ninachotumia sasa ni kloridi ya amonia, ile ambayo wazee na mafundi huiita nushadiri. Nunua iliyo safi kwenye duka la kemikali za maabara. Kile kipande cha fundi wa kulehemu kwa risasi usikitumie, kinaweza kuwa kimeshagusana na shaba. Mbolea nazo ziache shambani. Amonia ya kusafishia vioo huwa na sabuni na marashi. Ukitikisa chupa na povu likakaa, hiyo haifai.

Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji ya RO, andika SUMU kwenye chupa, ifungie juu watoto wasikoifikia. Mililita 100 za mchanganyiko huo zina gramu 1, na gramu 1 kwenye lita 170 inakupa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita. Hicho ndicho kipimo unachokitaka. Usiseme uongeze ili waive haraka: ikifika 5 na kupita, amonia yenyewe huanza kuwazuia bakteria.

Siku hiyohiyo weka mbegu. Bakteria wa chupa ni sawa kama hawajaisha muda na hawakupikwa na jua njiani. Bora zaidi ni kiganja cha mchanga au kipande cha jiwe kutoka kwenye tangi la mtu unayemwamini, ambalo limekaa mwaka bila ugonjwa. Kikague jiwe hilo vizuri, maana pamoja na bakteria linaweza kukuletea anemoni waharibifu (anemoni ni mnyama laini wa baharini mwenye minyiri), na hao ukishawaingiza hawatoki.

Hatua ya 6: Pima, andika, subiri

Nunua daftari. Pima amonia na NO2 kila baada ya siku mbili, saa ileile. Kipimo cha matone ndicho ninachokiamini: unatia maji mililita 5 kwenye kichupa, unahesabu matone bila kukamua chupa kwa hasira, unatikisa, unasubiri dakika zilizoandikwa. Njano ni sifuri. Kijani cha ndimu changa ni robo. Kijani cha mchicha ni balaa. Kishike kichupa mbele ya karatasi nyeupe, mchana, kivulini karibu na dirisha. Kuna usiku nilisomea chini ya taa ya buluu ya tangi, nikaona njano safi, nikaruka kwa furaha. Asubuhi kilikuwa kijani.

Tangi langu la pili lilikwenda hivi. Siku ya 1 amonia 2, NO2 hakuna. Siku ya 9 amonia 1, na NO2 imeanza kuonyesha waridi. Siku ya 14 amonia robo, NO2 zambarau nzito ya mwisho kabisa wa kadi. Ikakaa hapo. Siku ya 20, zambarau. Siku ya 25, zambarau. Wiki hizi ndizo zinazowashinda watu, wanamwaga maji wanaanza upya. Siku ya 31 ikafifia, na siku ya 34 ikawa buluu ya sifuri, kana kwamba mtu amezima swichi.

Amonia ikishuka chini ya nusu, ongeza dozi nyingine. NO2 ikiwa imepita mwisho wa kadi, nusu dozi inatosha, kwa sababu kila miligramu 2 za amonia huzaa zaidi ya 5 za NO2, na hilo kundi la pili ndilo linalochelewa. Ukitaka kujua umefika wapi, chukua maji ya tangi mililita 1, changanya na mililita 9 za maji chumvi mapya, pima, zidisha kwa 10. NO3 usiipime kwa sasa. NO2 ikiwepo hukidanganya kipimo cha NO3, kikakusomea namba ya kutisha.

Ikikwama

Siku kumi zimepita na namba hazijasogea? Angalia alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kabla ya kulaumu bakteria. Kila dozi ya 2 ikishaliwa mpaka mwisho inakula zaidi ya nusu daraja ya dKH (kipimo cha alkalini), hivyo dozi nne au tano zinatosha kukushusha kutoka 8 hadi chini ya 6, pH inafuata chini, na bakteria wanalegea. Baikaboneti ya soda ya jikoni inatosha kurekebisha: gramu 5, kijiko cha chai hivi, hupandisha daraja 1 kwenye lita 170. Iyeyushe kwanza, mimina polepole mbele ya pampu. Si magadi ya maharage, si hamira, si unga wa kuumulia keki.

Sababu ya pili ni kuzidisha amonia. Kama inasoma 8, badilisha nusu ya maji.

Ya tatu ni umeme. Kukatika saa mbili tatu hakuui bakteria walioko kwenye mawe. Chujio la kopo lililofungwa ndilo hatari, maana oksijeni huisha humo ndani na maji huchacha. Likizima saa nyingi, lioshe kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha. Lakini kama mtaani kwenu mgao ni wa kila wiki, nunua kipulizia hewa cha betri sasa hivi. Bakteria watakusubiri, samaki hatakusubiri.

Mtihani

Amonia 0 na NO2 0? Weka tena dozi kamili ya 2. Baada ya saa 24 pima. Zote mbili zikisoma 0, tangi limeiva. Moja ikibaki, subiri siku mbili, rudia.

Wapo watakaokuambia NO2 si hatari kwenye maji chumvi. Hawajakosea sana, kwa sababu kloridi ya bahari huizuia kuingia kwenye matamvua. Mimi nasubiri tu. NO2 inayoshuka ndiyo ushahidi wangu pekee kwamba kundi la pili lipo na linafanya kazi.

Sasa pima NO3. Kila dozi ya 2 imekuachia 7 hivi, kwa hiyo 30 au 40 isikushtue. Badilisha nusu ya maji, ikibidi mara mbili, mpaka ifike 10 hivi. Maji mapya yawe na joto na chumvi ileile. Usiliache tangi bila samaki wiki mbili bila kulilisha, bakteria watapungua. Dozi ndogo kila siku tatu nne inawaweka hai.

Washa taa, saa nne au tano kwa siku mwanzoni. Mchanga utageuka kahawia, kisha mawe yataota nyuzi za kijani. Kila tangi hupitia humo. Ongeza konokono wachache, toa mwani kwa mkono, na dawa ya mwani achana nayo.

Samaki wa kwanza

Mmoja, au wawili wadogo. Bakteria ulionao wanatosha kwa mzigo mdogo, na wataongezeka kadiri unavyowaongezea. Samaki wa anemoni ni chaguo zuri. Miamba yetu ina wake, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, ingawa aliyezaliwa kwenye tangi huzoea haraka kuliko aliyetoka baharini. Huyo samaki bila anemoni anaishi vizuri tu. Anemoni mwenyewe mpe tangi karibu mwaka, na matumbawe laini ya kuanzia yape miezi mitatu minne ya alkalini isiyoyumba.

Mweke karantini kwenye chombo cha pembeni kwa wiki nne kama unaweza. Siku ya kumhamisha, linganisha joto na chumvi, mtoe kwa kikombe, na maji aliyokuja nayo yamwage kwenye sinki. Siku ya kwanza usimlishe. Siku ya pili mpe anachomaliza kwa dakika moja. Pima amonia kila jioni wiki nzima, mchana ungalipo, mbele ya karatasi nyeupe. Ukiona kijani cha ndimu changa, mfungishe samaki siku moja, badilisha sehemu moja ya tano ya maji, pima tena kesho.